Jetoni Kwenye Msumari

Wewe unayesoma haya huku umefunga mlango na ufunguo umeuficha ndani ya sidiria, nakujua. Mi niliishi hivyo misimu miwili ya mvua na kiangazi kimoja katikati. Najua unavyonusa suruali yake kabla hujamsalimia. Najua unavyojibu swali moja mara arobaini, na mara ya arobaini na moja unapiga kelele, halafu unakimbilia jikoni kulia kwa sababu amekutazama kama mtoto aliyechapwa bila kosa. Najua pia una hasira. Mtu asikudanganye eti hasira ni dhambi. Mi hasira ndiyo iliyonisimamisha, na hata leo, mambo yakiwa yametulia, bado ninayo ya kutosha kukugawia.

Naitwa Ngalula. Ni mshonaji, nakaa Kapata, hapa Kolwezi, kwenye zile safu za nyumba za kampuni ambazo mgeni hawezi kutofautisha ipi ni ipi. Baba yangu, ambaye sisi tunamwita Tata, alipewa nyumba hii alipopandishwa kuwa kapita, yaani msimamizi wa ekipe, kundi la wafanyakazi. Babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na Tata akafuata kazi hiyohiyo mpaka kampuni ilipochoka. Mama alifariki. Yaya Odilon, kaka yangu mkubwa, akaenda Bulaya, yaani Ulaya. Yaya Godé, dada yangu, akaolewa Lubumbashi. Mi nikabaki na cherehani yangu kibarazani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki. Sikuwa na mume tena, basi ikaonekana sina kitu cha kuacha.

Nilichokuwa napigania kilikuwa kimoja tu, nakitaja mapema ili tuelewane: Tata asitolewe kwenye nyumba yake kwenda kufungwa kamba. Maana hicho ndicho damu yake mwenyewe ilichotaka kumfanyia, na walikaribia kabisa.

Ugonjwa ulianza kiangazi, wakati wa ile baridi kavu ambapo vumbi la malori linaingia hata kwenye chumvi. Asubuhi moja Tata alitoka chumbani amevaa buti.

"Ngalula, gamela yangu iko fasi gani?"

Gamela ni kile kibati cha chakula walichokuwa wanabeba kazini. Tulikuwa tumeanza kuwekea sabuni ndani yake zamani sana.

"Gamela ya kufanya nini, Tata?"

"Aba! Mi naenda ku kazi. Batu banangoya."

Nilicheka. Nikamwita jirani aje acheke pia. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha kitu kimoja nyuma, ningerudisha kile kicheko.

Kabla mvua hazijaanza, mwili wake ulikuwa umebadilika. Mikono iliyokuwa inafungua bolti za mashine ikashindwa na kifungo cha shati. Hatua zikawa fupi, anaburuta miguu kana kwamba sakafu ina tope. Akakonda mpaka mkanda wa suruali ukanilazimu kuutoboa tundu jipya, kisha jingine. Bukari, yaani ugali, alikuwa anaufinyanga tonge, analitazama, analiweka mfukoni. Nilikuwa nikifua naokota matonge makavu.

Tukaenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, na kila mlango ulipofunguliwa Tata alisimama, akavua kofia, akauliza watu wa foleni kama wote wamekwisha kusaini. Watu walicheka. Wakati huo mi nilikuwa nimeacha kucheka. Ilipofika saa saba daktari akatuita. Hakumtazama mgonjwa hata mara moja.

"Tata iko na miaka ngapi?"

"Sabini na nane."

"Eh bien, mama, ni uzee. Unataka tumupatie miaka ingine?"

Akajichekea mwenyewe, akaandika sindano za malaria. Tata hakuwa na malaria. Tulitibu malaria isiyokuwepo mara tatu, mpaka matako yake yakawa na vinundu na akawa hawezi kukaa kwenye benchi la kungojea sindano nyingine. Nikikumbuka, natamani kurudi pale nimkalishe yule daktari kwenye vinundu hivyo.

Mara ya nne tulimkuta muuguzi mmoja mwanamke, mtu mzima, mwenye mvi zilizochungulia chini ya kofia. Alimuuliza Tata tuko mji gani, mi ni nani, leo ni siku gani. Tata akajibu kwa adabu kubwa, vyote vibaya. Mi aliniita "mama". Nimebeba jina la mama yake, na tangu utoto alikuwa akiniita hivyo kwa utani, lakini siku ile niliona machoni mwake kwamba hakuwa anatania. Muuguzi akanivuta pembeni.

"Mama, hii njo ugonjwa wa kusahau. Haiko bulozi, haiko uzee tu. Dawa ya kuiponesha hakuna. Wewe njo dawa yake. Sasa wewe, nani anakusaidia?"

"Beko," nikasema. "Niko na yaya babili."

Nilimdanganya yule mwanamke, na sijui nilikuwa namfichia nani aibu.

Hao yaya wawili walikuwa ndani ya simu. Tuna grupu la familia, na humo ndani mna Odilon, Godé, mi, na mabinamu ambao sijawahi kuwaona wakileta hata kipande cha sabuni. Nilipotangaza ugonjwa, yakaja maombi, na vipicha vya mikono ya kuomba, mioyo, njiwa. Godé akaandika kwamba mchungaji wake amefunga kula siku tatu na ameona kuna mtu wa karibu anayemla Tata akili. Mtu wa karibu! Kwenye nyumba hii tulikuwa wawili. Mmoja ni Tata. Nilisoma ujumbe ule mikono ikiwa na sabuni ya shuka zake, nikauweka uso wa simu chini, nikaendelea kufua. Kama nawe umeshaitwa mlozi na watu ambao hawajawahi kumwogesha mgonjwa, basi kaa hapa karibu yangu.

Odilon alikuwa tofauti kidogo, yeye anaamini vyombo vya kisasa. Tata alikuwa ameshatoroka mara mbili, mara ya kwanza tukamkuta kwenye barabara kubwa anaongoza malori. Odilon akatuma saa ya mkononi yenye sim kadi ndani. Ukimvisha mgonjwa, unaona kwenye simu yako kinukta kinachotembea juu ya ramani, na mtu aliyeko Bulaya anakiona vilevile.

Tata aliitazama saa ile mkononi mwake.

"Mi haiko mufungwa," akasema.

Tuliikuta jioni ndani ya sufuria ya sombe, mboga ya kisamvu.

Odilon akatuma kingine, kidogo kama kiberiti, cha kuweka mfukoni. Tata akakitoa mfukoni akampa mbuzi wa jirani; nilikiokoa meno hayajakifikia. Nikaanza kumchukia kaka yangu kwa vidude vyake, maana kila kidude kilinifanya nimbembeleze Tata kwa jambo jipya, na kubembeleza kulikuwa kumenikausha koo.

Wazo lilinijia nikiwa nashona. Kampuni ilikuwa na desturi moja ambayo sisi watoto wa Kapata tumekua nayo. Kila mfanyakazi alikuwa na jetoni, kipande cha shaba chenye namba yake. Ukiingia kazini unaitoa kwenye msumari wake ubaoni, unaivaa. Ukimaliza unairudisha. Zamu ikiisha, kama kuna msumari mtupu, basi kuna mtu bado yuko chini, na kapita haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka apatikane. Tata alikuwa 4417. Jina lake linaweza kumpotea, lakini 4417 haijawahi kumpotea.

Nikaenda kwa Tata Kayembe, maana kwetu kila mzee ni tata, aliyefanya kazi na Tata wangu, anayekaa safu ya tatu na kutengeneza mbabula, majiko ya mkaa, kwa mabati. Nikamweleza. Alitafuta kipande cha shaba, akakigonga mpaka kikawa duara, akachonga namba, akatoboa tundu. Mi nikashona kifuko cha ngozi, kidude ndani, shaba juu, na kamba ya shingoni.

"Kapita," nikamwambia Tata, "jetoni yako."

Alinyoosha mgongo. Sijamwona akinyooka vile tangu mazishi ya Mama. Akainamisha kichwa nimvishe, na kuanzia saa ile hakuna aliyeweza kumtenganisha nayo. Ili akubali kuivua wakati wa kuoga, nikagonga msumari nyuma ya mlango: "Ukienda kuoga, tundika hapa." Alitundika, akaoga, akavaa tena. Nilijiona mwerevu wa Kolwezi nzima.

Mwezi mzima nilipumua. Si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Kidude kilitaka umeme kila siku ya pili. Umeme! Ukikaa kibarazani kwetu unaziona taa za machimbo zinawaka mchana, jua likiwa limesimama. Nyaya zinazokwenda kwao zinapita juu ya paa letu. Kwetu giza siku tatu, nne. Basi nilikuwa nakichomoa kidude kwenye kifuko nakibeba hadi sokoni kwa mtu mwenye paneli ya jua, huku nimemwacha Tata kwa jirani, ili kaka yangu aweze kumwona Tata kutoka Bulaya. Na alimwona, jamani, alimwona. Ile nukta yeye anaiita pwe.

"Ngalula, pwe iko inatembea. Tata anaenda fasi gani?"

"Anaenda ku choo, yaya."

"Na wewe uko wapi?"

"Mi niko nafua nguo yake ya jana."

"Fanya atensyo, angalia muzuri."

Anakata simu. Hajauliza nimekula nini. Anajua Tata yuko hatua ngapi kutoka mlangoni, lakini hajui kwamba mi nina wiki mbili sijalala kitandani.

Sasa siku yenyewe. Msimu wa pili wa mvua ulikuwa umekolea. Mchana ule niliomba Mungu anipe ndoo moja ya maji peke yangu. Tata alikuwa amekaa kibarazani, ametulia. Niliacha mlango wa mbele bila kufunga kwa sababu alikuwa amevaa jetoni, na kidude kilikuwa kimejaa umeme. Nikaingia nyuma, nikajimwagia. Nilijisugua hata visigino. Nilipotoka ilikuwa saa tisa na dakika kidogo, mvua imeanza, na kiti cha kibarazani kilikuwa kitupu.

Nikafungua simu. Kinukta kiko nyumbani. Moyo ukatulia. Nikaingia chumbani kwake, hayupo. Jikoni, hayupo. Nikainama chini ya kitanda kama ninatafuta kuku. Simu ikalia, Odilon.

"Yaya, Tata hayuko!"

"Pwe iko mu nyumba."

"Nakuambia hayuko!"

"Ngalula, mi niko naona. Tulia, tafuta muzuri. Unapanika."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango anaponiambia hivyo. Jetoni ilikuwa pale kwenye msumari. Imetundikwa vizuri, namba imetazama mbele, kamba haijasokotwa.

Nilielewa palepale. Saa tisa alasiri zamu ya asubuhi ilikuwa inaisha. Kila alasiri Tata alikuwa ananiambia anataka kurudi nyumbani, na mi kila siku namjibu, "Tata, njo hapa nyumba." Kwake hapakuwa nyumbani. Kwake alikuwa kazini, na mi mwenyewe, kwa nyundo yangu mwenyewe, nilikuwa nimemwekea ubao. Alimaliza zamu, akarudisha jetoni kama mtu mwenye heshima, akaenda zake nyumbani.

Nilimwambia Odilon. Akanijibu kwamba labda ramani inachelewa, nisubiri nukta isogee. Nilimtukana kaka yangu mkubwa tusi ambalo sitaliandika hapa, nikakata.

Tata Kayembe alisikia kelele zangu, akaja mbio na mfuko wa plastiki kichwani. Yeye yuko kwenye grupu la wazee wa kazi, wale waliobaki hai, wametawanyika Kapata, Musonoi na kwingine. Akanipa simu yake.

"Sema wewe, mama. Sema namba."

Nikabonyeza nikasema: "Batata, mi Ngalula, mutoto wa kapita 4417. Alimaliza kazi saa tisa, jetoni iko ku musumari, lakini ku nyumba hayafika. Yeye anatafuta nyumba yake ya zamani. Nisaidieni, batata."

Sikuomba maombi, na hakuna aliyeleta njiwa. Dakika chache, sauti zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, sauti za wazee wanaokohoa: "Mi natoka." "Mi naenda njia ya chini." "4417 alikuwa anakaa Musonoi zamani, mbele ya kuwa kapita, mutafute kule." Wazee wa miaka sabini, mvua inanyesha, wakatoka. Zamu ilikuwa na msumari wenye jetoni na mtu hayupo, na hawakukubali kukaa.

Mmoja wao, anayeishi Musonoi, alipita akiuliza watu barabarani si jina bali namba. Mama mmoja anayekaanga mikate chini ya turubai akamjibu: "Ule tata mwenye kutaja namba? Nilimupatia mukate. Eko kule ku shimo."

Mi na Tata Kayembe tulifika kwa pikipiki, tumelowa mpaka mifupani. Kuna mahali Musonoi barabara inakwenda vizuri, nyumba kushoto, nyumba kulia, halafu mtaa unakatika na linaanza shimo la machimbo. Tata alikuwa ameketi kwenye ukingo. Alikuwa amevua viatu na kuvipanga pamoja kwenye tope, kama mtu aliyefika mlangoni kwake. Mkononi ameshika nusu ya mkate.

"Mama," akaniambia, "nyumba imeenda wapi?"

Nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa hasira. Safari hii hakuwa amekosea. Nyumba ilikuwa pale kweli. Odilon alizaliwa pale. Wagonjwa wa kusahau tunawafungia ndani, lakini waliomeza mtaa mzima wanapita kwenye magari yenye vioo vyeusi na hakuna anayewauliza akili zao ziko wapi.

Siku sita tulikaa hospitali, mapafu ya Tata yamejaa maji. Sindano asubuhi, sindano jioni, za kweli safari hii. Tata na mgonjwa mwingine walilala kitanda kimoja, na mi chini kwenye pagne, kitenge changu. Yule mama wa mikate, mtu asiyetujua, alituma mfuko wa mikate ya moto kwa mkono wa yule mzee wa Musonoi, siku mbili mfululizo. Muuguzi wa mvi alikuwa akinipa funguo za chumba chao nikaoge. Nayaandika haya kwa sababu nimesema mabaya mengi na mazuri nayo yana haki yake.

Nina jambo jingine la kusema, na ni langu. Siku tuliyorudi nyumbani, Tata alikataa kuvaa shati, akanisukuma, nikamshika mkono nikaubana kwa nguvu zangu zote. Kesho yake vidole vyangu vinne vilikuwa vimeandikwa pale, rangi ya zambarau. Nilimpaka mafuta nikiwa nimegeuza uso. Nawe kama umeshafanya hivyo, usijifiche na mi. Ila ujue umefika mwisho wa nguvu, na mtu mmoja hawezi kazi hii.

Jumatano grupu likatoa hukumu. Godé aliandika kwamba gari la kanisa litakuja Jumamosi kumchukua Tata, apelekwe kwenye chumba cha maombi. Chumba kile nakijua. Wagonjwa wanakaa kwenye mikeka, mguu umefungwa kamba kwenye nguzo, hawapewi chakula ili pepo achoke. Odilon akaandika: "Kwa sekirite yake, mi nakubali. Ngalula hakuweza." Mabinamu wakaweka dole gumba. Madole gumba kumi na moja, niliyahesabu. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta. Ningesema nini? Wao walikuwa na mchungaji na ramani. Mi nilikuwa na alama za vidole kwenye mkono wa Tata.

Alhamisi mchana tulikuwa kibarazani. Nilikuwa nashona yunifomu za shule. Yule muuguzi alikuwa ameniomba nimrekodi Tata anapochanganyikiwa, kwa sababu mbele yake mzee anakuwa mpole mno na hamwoni jinsi alivyo kwetu. Basi nilipoona anaanza kunitazama kwa lile jicho la kutonijua, nikawasha simu, nikaiweka juu ya cherehani.

"Wewe mama," akasema, "uliingia saa ngapi?"

"Asubuhi, kapita."

"Na jana?"

"Jana niko hapa."

"Na jana ingine?"

"Niko hapa, kapita. Siku zote."

Akakunja uso. Akasogeza kiti.

"Nani anakuremplase? Nani anaingia fasi yako?"

Sindano ya cherehani ikasimama. Sijui kama niliizuia mimi.

"Hakuna mutu, kapita."

"Hakuna mutu?" Akasimama. Sauti ikatoka, ile ya zamani, iliyokuwa inapita juu ya mashine. "Hakuna mutu namna gani? Mu ekipe yangu mutu habaki ku poste bila remplasa! Huyu mwanamuke anachoka, atakata mukono yake ku mashini, na mi njo nitajibu! Nani alipashwa kuya?"

"Odilon," nikasema. Machozi yalikuwa yanalowesha yunifomu. "Odilon na Godé."

"Odilon njo nani?"

"Ni mutu wa ekipe yako, kapita."

"Mumutoshe ku kazi! Mumunyang'anye jetoni! Na ule mwingine pia!" Akanijia, akaniwekea mkono begani, ule wenye alama zangu. "Pole, mama. Bamekuacha chini. Mi siendi ku nyumba mpaka bakutoshe mu shimo."

Nilituma ile sauti kwenye grupu kama ilivyo.

Nikaona alama za kusikilizwa zinaingia, moja, nyingine, nyingine. Hakuna mikono ya kuomba. Hakuna njiwa. Hakuna dole gumba. Karibu na jioni Odilon akapiga, na kwa mara ya kwanza hakuanza na nukta. Alikuwa analia. Nilimwacha alie, sikumbembeleza, nilikuwa nimeishiwa.

Jumamosi gari lilikuja, lakini lilikuwa basi la Lubumbashi. Alishuka Godé na begi moja na godoro dogo. Aliponiona hakunisalimia. Alinishika mikono akaigeuza, akatazama viganja vilivyochubuka kwa sabuni ya mawe, akasema, "Mudogo wangu, nilikuita mulozi." Nikamwambia ndiyo, uliniita. Sikumsamehe siku hiyo. Nilimwonyesha mahali pa sabuni.

Sasa sikiliza tunavyofanya, labda kitakusaidia. Kidude tumekitoa kwenye jetoni, nimekishonea mfuko wa siri ndani ya kiuno cha suruali zake zote mbili, kwenye mkunjo, kinahamia suruali anayovaa, na usiku kinachomolewa kuchajiwa umeme ukiwepo. Jetoni imebaki shaba tupu, na msumari hatukuung'oa. Akiitundika, tunajua amemaliza zamu na miguu inataka kuondoka. Hapo ndipo kazi ya Odilon inapoanza. Kila siku saa tisa, popote alipo, anapiga simu kwa sauti nzito: "Kapita, basi ya kampuni inachelewa. Kaa kwanza, kunywa chai." Na Tata anakaa. Anamlalamikia ya basi nusu saa nzima, Odilon anasikiliza, anauliza habari za ekipe, anatajiwa watu waliokufa zamani. Zamani Odilon alikuwa anamtazama Tata kwenye ramani. Sasa anamsikia. Godé anakaa wiki mbili, anarudi kwake wiki mbili. Tunagombana sana. Mchungaji wake hajakanyaga hapa.

Tata hatembei mbali tena. Miguu imekataa, na siku hizi akinyamaza ananyamaza siku nzima. Haponi, nilishakuambia. Lakini yuko kibarazani kwake Kapata, na hakuna kamba mguuni mwake.

Siku ile ya kwanza Godé alipofunga kitambaa kiunoni na kuanza kumlisha, mi nilibaki nimesimama mlangoni, sijui niweke mikono wapi. Tata akamtazama Godé, akanitazama mi. Akavua jetoni shingoni, polepole, akaninyooshea.

"Remplasa yako amefika," akasema. "Tundika hii, mama. Enda ku nyumba."

Niliitundika kwenye msumari. Nikaenda nyumbani, yaani chumba cha pili, hatua sita, nikalala mpaka kesho yake mchana.